Agizo la Msafiri: Chupa za Plzeň na Mitungi ya Mbinga

Agizo la msafiri ni utungo mfupi ambao haujapata mhakiki. Rafiki anafunga mizigo yake. Mwenzake anamtilia kikaratasi mfukoni, au anamwambia mlangoni maneno yasiyozidi kumi: ukirudi, niletee kadha. Aghalabu maneno hayo hupita kama salamu tu. Lakini anayeyatazama kwa makini ataona kuwa yamebeba mambo matatu: elimu ya mwagizaji juu ya nchi asiyoijua kwa miguu, ladha aipendayo, na insafu yake kwa mbeba mzigo. Likikosekana moja kati ya hayo, agizo huharibika, kama shairi linavyoharibika pale vina vinapokaa sawa na maana ikapotea.

Makala haya yanalichukua agizo la aina moja, la bia za Ucheki, na kulitazama kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Tuseme yuko mtu wa Mbinga mwenye rafiki aliyeko masomoni Praha, na rafiki huyo anakaribia kurudi nyumbani. Amwagize nini? Na lau safari ingegeuzwa, Mcheki akawa na rafiki anayerudi kutoka Mbinga, angeweza kuagiza nini naye? Msomaji ambaye kileo ni haramu kwake hana la kuhofia, kwani hoja hii haimtaki aonje kitu. Tembo la mnazi limo katika nyimbo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na wapenzi wa nyimbo hizo wengi hawakuligusa kamwe. Kinachohojiwa hapa ni kile kinachosafirika na kile kisichosafirika, na dhamana ya yule anayekibeba.

Tuanze na jina. Mwagizaji asiye na habari atasema, "Niletee Pilsner." Neno hilo maana yake ni "ya Plzeň", yaani ya mji wa Plzeň, magharibi ya Ucheki. Mwaka 1838 wenyeji wa mji huo walichoshwa na bia mbovu, wakamwaga mapipa 36 hadharani, kisha wakajenga kiwanda chao wenyewe. Mwaka 1842 mpishi wa bia kutoka Bavaria, Josef Groll, aliwapikia bia ya kwanza ya namna mpya: maji laini ya mji ule, kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mdogo, maua machungu ya hopsi kutoka Žatec, na chachu inayofanya kazi taratibu kwenye baridi. Ikatoka bia ya rangi ya dhahabu, angavu, katika zama ambapo bia nyingi zilikuwa nyeusi au za kahawia. Ikapendwa, ikaigwa, na jina likakimbia kuliko kitu chenyewe. Ndiyo sababu kiwanda cha Plzeň kililazimika kujiita Prazdroj, au Urquell kwa Kijerumani, maana yake chemchemi ya asili. Mwenye mali alihitaji neno la pili ili adai neno lake la kwanza.

Jina hilo lilifika hata Afrika ya Mashariki. Nairobi inapikwa bia iitwayo Pilsner, na wanywaji wake wengi hawana haja ya kujua kuwa Plzeň ni mji wenye watu na kanisa. Kuna jambo la kushangaza zaidi. Mwaka 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini iliingia ubia katika kampuni ya Bia Tanzania, yenye kiwanda chake Ilala, Dar es Salaam. Mwaka 1999 kampuni hiyo hiyo ilikinunua kiwanda cha Plzeň. Hivyo kwa takriban miaka 17, mpaka kampuni hiyo iliponunuliwa na nyingine kubwa zaidi mwaka 2016, na Plzeň kuuzwa kwa Wajapani mwaka uliofuata, mnywaji wa Mbinga na mnywaji wa Plzeň walikuwa wakimtajirisha tajiri mmoja. Hawakujuana, wala bia zao hazikujuana.

Funzo la kwanza la agizo linatoka hapa: jina pekee halitoshi. Anayetaka bia ya Plzeň aseme chemchemi. Anayetaka ya České Budějovice aseme Budvar, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1895 ambacho kimeshitakiana miaka mingi na Wamarekani juu ya neno Budweiser, maana nalo ni jina la mji lililochukuliwa na mgeni. Mwagizaji anayetaja jina la jumla hana haki ya kumlaumu rafiki yake akiletewa kitu kinachopatikana duka la pili kutoka kwake.

Funzo la pili limo katika tarakimu. Chupa ya Kicheki aghalabu huandikwa 10, 11 au 12. Mtu mgeni hudhani hicho ni kiasi cha kileo, akaogopa au akafurahi bure. Sivyo. Tarakimu hiyo hupima uzito wa sukari ya kimea ndani ya maji kabla chachu haijatiwa. Kipimo chake kilitengenezwa Praha katika karne ya 19 na mkemia Balling. Bia ya 10 huishia na kileo cha asilimia nne hivi, na ya 12 asilimia tano hivi. Wapenzi wa ushairi hawatapata taabu kulielewa jambo hili. Mizani kumi na sita za mshororo, nane kwa nane, hueleza chombo kilivyoundwa kabla maana haijaanza kuchachuka ndani yake. Wapo wahakiki waliohesabu mizani wakadhani wamelipima shairi, na wapo wanywaji waliosoma 12 wakadhani wameshalewa. Tarakimu ni ya haki, ila inajibu swali jingine.

Funzo la tatu ndilo gumu. Wajuzi wa Ucheki wenyewe wanakubali kuwa bia yao bora haiko katika chupa. Katika mahandaki ya kiwanda cha Plzeň mgeni humiminiwa bia kutoka pipa la mbao, haijachujwa, wala haijapashwa moto ili idumu. Na mjini ziko baa zinazoletewa bia mbichi katika matangi, ikanywewa katika muda mfupi. Chupa ni jambo jingine. Bia yake imechujwa, imepashwa moto, na imefungwa ili ivumilie njia. Hata rangi ya kioo ina athari yake: mwanga hupita kirahisi katika kioo cha kijani na kuharibu harufu, ilhali kioo cha kahawia huihifadhi zaidi. Sasa izingatiwe njia ya kwenda Mbinga: ndege mpaka Dar es Salaam, kisha basi la siku nzima na zaidi mpaka Songea, kisha Mbinga, na kama mwagizaji anakaa Mbamba Bay, kilomita 66 nyingine za kuteremka milima mpaka ziwani. Chupa ya nusu lita pamoja na kioo chake hukaribia kilo moja. Anayeagiza chupa kumi na mbili ameagiza nusu ya mzigo wa rafiki yake.

Kwa hiyo agizo la mtu mwenye insafu lingekuwa hivi: chupa mbili za kahawia, moja ya dhahabu ya Plzeň na moja nyeusi, kwani bia nyeusi ya Kicheki haijulikani sana Afrika ya Mashariki, ilhali ile ya dhahabu ina waigaji kila mji. Pamoja na hizo, rafiki aketi mwenyewe handakini, anywe ile isiyobebeka, kisha aje aisimulie. Agizo kamili lina sehemu mbili, kitu na masimulizi. Anayeagiza kitu peke yake amepata nusu, na aghalabu ni nusu iliyo duni.

Hapo ndipo swali la pili linapoanza. Mcheki naye amwagize nini rafiki anayerudi kutoka Mbinga?

Nchi ya Wamatengo ni nchi ya miteremko. Ili mvua isiuchukue udongo, wakulima wake waligundua zamani kilimo cha ngoro: majani yaliyofyekwa hupangwa katika miraba juu ya mteremko, udongo huchimbwa katikati na kuyafukia, na mlima mzima hubaki na vishimo vilivyopangika kama sega la nyuki. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, wanawake huchimba. Humo hulimwa maharage, kisha mahindi. Mahindi hayo ni chakula, na pia hutoka humo kileo. Komoni hupikwa kwa unga wa nafaka na kimea, na hunywewa ikiwa bado inachemka kwa chachu yake, nzito, haijachujwa ikawa maji. Siku zake ni chache. Ikikaa huchachuka ikawa siki. Ulanzi, ambao hugemwa katika mianzi michanga ya nyanda za juu za kusini wakati wa mvua, una haraka zaidi: asubuhi ni mtamu anaoweza kupewa mtoto, jioni ni kileo, na siku zikipita haunyweki.

Hakuna chupa itakayoufikisha ulanzi Praha. Ukipashwa moto umekufa. Usipopashwa utaipasua chupa njiani. Hata Unguja haufiki katika hali yake. Kwa maana hiyo kileo cha Mbinga kiko hasa mahali ilipo ile bia ya handakini: ni cha kunywewa pale, na watu wa pale, siku ile ile, aghalabu baada ya kazi ya kusaidiana shambani. Tofauti ni moja. Plzeň wana handaki na wana chupa. Mbinga wana mtungi tu. Basi ulimwengu, unaojua vitu kwa chupa zake, unaijua Plzeň na hauijui Mbinga. Na katika Kiswahili cha magazeti na cha ofisi, vinywaji vyote vya namna hiyo, kila kimoja na nafaka yake, msimu wake na saa yake, hutiwa katika kapu moja liitwalo pombe ya kienyeji. Bia hutajwa kwa jina lake. Komoni hutajwa kwa kabila lake, tena pale tu habari inapohusu ugomvi.

Vitu vinavyosafirika kutoka huko vipo. Ipo kahawa ya arabika, ambayo Wamatengo waliipokea katika miaka ya 1920 na ambayo imejenga nyumba na kusomesha watoto wengi wa Mbinga. Lakini kahawa hiyo huuzwa kwa magunia, ikachanganywa na nyingine na wachomaji wa ng'ambo, na mnywaji wake aghalabu haoni neno Mbinga popote. Wako dagaa wa Nyasa, usipa, wanaoanikwa mchangani na kufika masoko ya mbali wakiwa wakavu na wepesi. Kahawa imesafiri bila jina, usipa wamesafiri bila maji yao, na komoni haikusafiri kabisa. Hali hizi tatu ndizo hali za maneno pia, na hapa pana jambo linalowagusa wapenzi wa fasihi.

Pwani ya Waswahili ina mfano wa kale wa agizo lililofika bila kinywaji chake. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, alikuwa bingwa wa mashairi ya mvinyo katika Kiarabu. Jina lake lilivuka bahari likafika pwani likiwa Abunuwasi: mjanja, mwenye kumshinda sultani kwa hila, kipenzi cha watoto. Ujanja ulifika, na mvinyo ulibaki Baghdad. Mtu anaweza kusema pwani ilichagua kwa hekima, ikachukua kilichoifaa na kuacha kilichoikera. Hiyo ni kweli. Lakini ni kweli pia kuwa pwani ilisahau kwamba iliacha kitu. Msikilizaji wa hekaya hizo haambiwi kuwa mtu huyo alikuwa mshairi. Kuacha si taksiri, kwani kila msafiri huacha. Taksiri ni kuficha kwamba kilichofika ni sehemu tu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Shaaban Robert aliwaletea Waswahili rubai za Omar Khayyam, na safari hii mvinyo ulikuja. Ila hakuuchota Nishapur. Alitafsiri kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1859 alichagua rubai alizozitaka, akaunganisha baadhi yake, akazipanga upya kwa mfuatano wake mwenyewe. Kilichofika Tanga kilikuwa kinywaji kilichokwisha kuchanganywa na kufungwa mahali pengine. Shaaban Robert alikimimina katika Kiswahili fasaha, na jina la kitabu chake, Omar Khayyam kwa Kiswahili, ni la kweli kwa kadiri ya agizo lilivyokuwa. Wa kulaumiwa ni wahakiki wanaokisoma kitabu hicho na kutoa hukumu juu ya Uajemi. Wanapaswa kumsifu mbebaji kwa ubebaji wake, na kuuliza nani aliyefunga mzigo.

Swali hilo, nani aliyefunga mzigo, linaturudisha Nyasa. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa wasimulizi wake yumo Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyesimulia safari ya Nyasa na pia safari ya Urusi na Siberia. Ni mmoja wa Waswahili wachache wa zama zile aliyeyaona maji ya Nyasa na theluji ya kaskazini akaacha maandishi. Kiswahili chake ni chepesi, hakina makeke, na wapenzi wa nathari wanakithamini kwa haki. Lakini agizo lilitoka Ulaya. Alisafiri akiwa katika utumishi wa Mjerumani, na masimulizi yakachapishwa na Mjerumani kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Katika masimulizi ya namna hiyo nchi ni mahali pa kupita: miji, njia, vyakula, hatari. Mwenyeji wa ziwa huonekana akiwa ukingoni mwa njia. Pwani yenyewe haikuwa imemwagiza Salim lolote juu ya ziwa, na kwa muda mrefu baadaye haikuagiza.

Mwambao huo wa Ruvuma una kisa kimoja cha kileo kilichosafiri mbali, nacho ni mfano wa mwisho. Mjini Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo mwezi Agosti 1914. Nahodha wake, Berndt, na nahodha Rhoades wa meli ya Waingereza Gwendolen, inasimuliwa kuwa walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Tarehe 13 Agosti Rhoades alifika, na badala ya salamu akafyatua mzinga. Habari za vita zilikuwa zimemfikia yeye kwanza. Berndt, kama isemavyo hadithi, alitoka kwa mashua ndogo akiwa na hasira, akamuuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Kisa hiki hurudiwa katika vitabu vya Kiingereza kama kichekesho, na ndivyo kilivyofungwa: chupa ndogo, tamu, nyepesi kubebwa. Kilichobaki nje ya chupa ni watu wa Liuli waliousikia mzinga ule. Kwao haukuwa mzaha. Ulikuwa mwanzo wa vita vilivyochukua mamia ya maelfu ya wapagazi Afrika ya Mashariki na kuacha njaa na maradhi nyuma yake. Manahodha wawili wana majina, kauli na urafiki. Mwambao una mwamba tu. Hakuna aliyewaagiza wasafiri walete masimulizi ya upande huo. Na kisichoagizwa hakiletwi.

Tangu mwaka 2012 mwambao huo ni Wilaya ya Nyasa, umetengwa na Mbinga iliyo juu milimani. Barabara ya lami inateremka mpaka Mbamba Bay. Msafiri wa Unguja au Tanga anaweza kufika bila ya taabu za zamani, na marafiki zake watamwagiza kahawa na usipa. Waagize, ni vitu vyema. Lakini Kiswahili, ambacho ni lugha ya wote hao, kina haki ya agizo refu zaidi. Kiagize maneno: ngoro, na kazi ya kila mmoja ndani yake, ntambo, lile eneo la mlima ambalo ukoo hulihesabu kuwa kipande kimoja cha ardhi, sengu, ule mkutano wa ukoo wa kula pamoja na kuamua mambo. Kiagize jina la komoni ya siku ya kwanza na la siku ya pili, ikiwa yanatofautiana kijijini aendako msafiri. Kiagize nyimbo za kazi pamoja na habari ya nani aliitikia, na ziandikwe kwanza kama zilivyo kabla mtu hajazipigia mizani za pwani. Ziwa Viktoria limepata katika Kiswahili sauti ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, na alipoleta Kichomi mwaka 1974 walikuwapo wa pwani waliolalamika kuwa chupa si ile waliyoizoea. Leo hakuna mwalimu wa fasihi anayekiruka kitabu hicho. Atakapotokea mshairi wa Nyasa na mtungi wake, afadhali wasomaji wa pwani wawe wameshajifunza kuuliza swali la maana kuhusu kilichomo.

Na yule rafiki aliyeko Praha? Alete zile chupa mbili za kahawia, amezifunga katika nguo zake katikati ya sanduku, na alete masimulizi ya handaki. Lakini kabla hajaondoka Praha awaeleze na wenyeji wake kuwa Mbinga kuna kinywaji ambacho, kama kile cha handakini mwao, hakikubali kufungwa. Watu wa Plzeň ni wepesi wa kulielewa jambo hilo. Wakitaka kukijua, wamfuate.